Shamba la Mama na Shimo la Matofali

Nataka kuwasimulia habari za shimo moja. Ukitoka katikati ya mji wa Bunia ukashuka upande wa bondeni, ukapita nyumba za mwisho na mikaratusi iliyobaki, utaliona. Urefu wake ni kama hatua 30, upana hatua 20, na kina chake kinamzidi mtu mzima kimo. Wakati wa mvua linajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Vyura wanapiga kelele humo usiku kucha, na akina mama wenye watoto wadogo wanalilaumu kwa sababu ya mbu. Zamani pale palikuwa na maharagi. Mama yangu mzazi aliyapanda mahali pale tangu mimi sijaanza shule. Shimo hilo sikulichimba kwa mikono yangu, lakini mimi ndiye niliyeliuza.

Mama alifariki mwaka wa 2014. Mimi ni mwalimu, na kila mtu katika nchi yetu anajua jinsi mshahara wa mwalimu unavyokuja: leo umechelewa, kesho umepungua. Mwaka wa 2016 binti yangu alikuwa anaingia masomo ya juu, na fedha ya kumlipia sikuwa nayo. Basi akaja bwana mmoja wa matofali, mtu mpole, akaketi, akanywa maji, akasema, "Mwalimu, udongo wa bondeni kwako ni mzuri sana. Niuzie nusu tu." Nikamwuzia nusu. Fedha ile ikalipa masomo ya mwaka mmoja. Ya mwaka wa pili nikalazimika kuitafuta kwingine. Kwa hiyo nasema kweli: nusu ya shamba lililolisha jamaa yetu zaidi ya miaka 40, niliila kwa mwaka mmoja.

Sisemi matofali ni mabaya. Nyumba ninayolala ni ya matofali ya kuchoma, kanisa tunamosali ni la matofali, na shule ninamofundisha vilevile. Walakini ni vizuri kujua yanavyopatikana. Kwanza wachimbaji wanaondoa udongo mweusi wa juu na kuutupa pembeni, maana kwao ni taka. Kumbe udongo huo, ambao mara nyingi kina chake ni kama urefu wa mkono tu, ndio shamba lenyewe! Wa chini yake ni sakafu. Wakifika kwenye udongo mfinyanzi wanauchimba, wanaukanyaga kwa maji, wanaujaza katika kalibu za mbao, wanayaanika matofali chini ya majani makavu, kisha wanayapanga yawe tanuru na kuyachoma kwa kuni usiku na mchana. Kuni nazo zinatoka vilimani. Kilima kikiisha miti, mvua inateremsha udongo wake, na aliye juu analia pamoja na aliye chini.

Mimi nililia kimyakimya, maana ningemlaumu nani?

Ilibaki nusu ya pili, karibu robo ya hekta. Sikuwa na nguvu ya kuilima. Nilifikiri ningeiuza siku mtoto wa pili atakapomaliza sekondari.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2018 watu wakaanza kufika Bunia kutoka Djugu, maelfu kwa maelfu, kwa miguu, kwa pikipiki, wengine kwa mitumbwi kupitia ziwani. Nyumba zilikuwa zimechomwa, watu wameuawa. Wengi walikaa katika mahema karibu na hospitali kuu, na mwaka wa 2019 sehemu kubwa yao wakahamishiwa Kigonze, pembeni ya mji. Watu hao walikuwa wakulima. Mtu aliyezoea kuamka na jembe begani, akaamka asubuhi hana hata hatua moja ya ardhi, anaugua ugonjwa usiotibiwa na daktari. Siku moja mjane mmoja alisimama mlangoni pangu. Hapa nitamwita Mama wa Djugu, kwa kuwa hataki jina lake liandikwe.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Mama."

"Nimeona lile shamba lako la bondeni. Limeota magugu. Unaniruhusu nililime?"

Nikamwambia sina fedha ya kumlipa. Akasema hataki fedha. Ataniletea sehemu ya mazao. Nikamwambia pia kwamba labda nitaliuza. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Vizuri. Hata siku utakapoliuza, nitakuwa nimelima."

Basi akalima. Kwetu mvua kubwa ni za Machi hata Juni, na tena Agosti hata Novemba, hivyo mtu mwenye bidii ana misimu miwili, na bondeni hata wakati wa kiangazi kuna unyevu wa kutosha mboga za majani. Alipanda lengalenga, maharagi, viazi vitamu, mahindi machache pembeni, na mihogo kwa ajili ya sombe. Alikuwa hodari kunipita mimi na baba yangu. Pamoja na hayo hakupata kitu. Nilishangaa, nikamwuliza. Akanieleza, na maelezo yake yalinifunza hesabu ambayo sikuwahi kuifundisha shuleni.

Mwanzo wa msimu hana fedha ya mbegu, kwa hiyo anakopa kwa mchuuzi wa sokoni. Mchuuzi anampa mbegu kwa sharti kwamba mavuno atamwuzia yeye tu, kwa bei atakayoipanga yeye. Mboga zinakomaa kwa kila mtu wiki ileile, bei inaanguka, na lengalenga haiwezi kungoja ghalani kama mahindi. "Nikikopa mbegu," alisema, "mboga si zangu tena hata kabla hazijaota."

Haya, msomaji, fikiri. Shamba likimpa mkulima kidogo namna hii, na bwana wa matofali akija na fedha mkononi, nani ataliacha liwe shamba? Tunawahubiria watu watunze ardhi. Lakini ardhi haiuzwi kwa sababu watu hawaipendi. Inauzwa siku ya karo, siku ya hospitali, siku ya matanga. Mimi niliipenda ardhi ya mama yangu, nikaiuza vilevile.

Mwezi wa Julai 2021, baada ya sala ya shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, tulikuwa tumeketi tukilalamika kuhusu bei ya vyakula. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya dharura ya kijeshi katika Ituri tangu Mei ya mwaka ule, barabara zilikuwa za hatari, na vitu vingi vilipanda bei. Mama wa Djugu alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Akasema bila kuinua sauti, "Ninyi mnanunua mboga sokoni kila siku. Fedha hiyohiyo, nipeni mwezi huu kabla sijapanda, na mimi nitawapa mboga mwezi ujao na mwingine na mwingine. Hapo sitamwendea mchuuzi."

Watu wakanyamaza. Kutoa fedha leo kwa mboga ambayo bado ni mbegu! Mzee mmoja akacheka, akauliza kama anaweza kula ahadi kwa ugali. Lakini mke wake akamwambia, "Mbona karo unalipa kabla mtoto hajajua kusoma?" Ndipo tukaanza kuhesabu. Tulikubaliana dola 15 kwa kila jamaa kwa msimu wa wiki 12, anayeweza alipe mara moja, asiyeweza alipe mara tatu. Kila Jumamosi Mama wa Djugu agawanye mavuno ya wiki hiyo sawasawa kwa wote waliotoa. Tulianza jamaa 9, na msimu uliofuata tulikuwa 14. Ukizidisha 14 kwa 15 ni dola 210. Si mali nyingi, lakini kwa mara ya kwanza mwanamke yule alinunua mbegu bila deni, akanunua ndoo mbili za kumwagilia, na akamlipa kijana wa kumsaidia.

Baadaye nilisoma kwamba wazo hili wengine wamelifikiri kabla yetu. Katika Japani, miaka ya 1970, akina mama wa mijini walioogopa dawa katika chakula walifanya mapatano na wakulima wanunue mazao yao moja kwa moja. Marekani mashamba mawili yalianza mwaka wa 1986, na Ufaransa watu wa Aubagne walianza mwaka wa 2001. Nilimsomea Mama wa Djugu habari hizi. Akauliza, "Na Wajapani wanakula sombe?" Nikamwambia sidhani. Akasema, "Pole yao," akaendelea kupalilia.

Kuhusu dawa na mbolea za dukani, niseme wazi kwamba hatukuanza kwa elimu kubwa. Mbolea ya viwandani inafika Bunia kwa bei kubwa, na dawa ya wadudu mara nyingi inauzwa katika chupa ndogo zisizo na karatasi, hujui ni nini wala inataka maji kiasi gani. Mama wa Djugu aliwahi kufanya kibarua cha kunyunyiza dawa namna hiyo kwenye nyanya za mtu, akatapika siku mbili. Tangu hapo hataki kuiona. Badala yake anatengeneza mbolea yake mwenyewe, na nitaeleza namna yake, maana kila msomaji anaweza kujaribu.

Anachagua mahali penye kivuli. Chini anapanga mabua ya mahindi na matawi membamba ili hewa ipite. Juu yake anaweka majani mabichi, hasa ya ule mmea wa maua ya njano unaofanana na alizeti, ambao unaota ovyo kando ya njia zetu zote. Wataalamu wanauita Tithonia, na wanasema majani yake yana rutuba nyingi. Sisi tulikuwa tunaukata na kuuchoma! Halafu anaweka samadi ya mbuzi, jivu kidogo, udongo kidogo, na maji. Anarudia hivyo mpaka lundo linafika kifuani. Kisha anachomeka fimbo ndefu katikati. Kila baada ya siku chache anaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, lundo linataka maji. Ikiwa baridi na inanuka vibaya, linataka kupinduliwa lipate hewa. Baada ya wiki tatu analipindua kwa vyovyote, na baada ya miezi kama mitatu kinatoka kitu cheusi, chepesi, kinachonuka kama msitu baada ya mvua. Mara ya kwanza nilipokishika niliukumbuka ule udongo mweusi uliotupwa pembeni ya shimo.

Upande wa juu wa shamba alichimba mifereji inayokata mteremko, na ukingoni akapanda majani ya mbuzi yazuie maji. Kazi hii ilileta ugomvi. Mzee yule aliyecheka siku ya kwanza alipoiona mifereji alikasirika kweli. Baba yake aliichimba enzi za Wabelgiji, kwa amri, na aliyekosa alitozwa faini au kufungwa. Kilimo cha lazima kilianza katika Kongo mwaka wa 1917, na wazee wetu hawakukipenda, nao walikuwa na haki. "Tulipopata uhuru," mzee akasema, "jambo la kwanza baba alilofanya ni kuifukia." Mama wa Djugu akamjibu kwa heshima, "Baba, walikosea kuwalazimisha. Lakini maji hayajui uhuru." Mzee akaondoka bila kujibu. Wiki mbili baadaye ilinyesha mvua kubwa. Shamba la jirani likaoshwa hata mbegu zikakutwa barabarani, na la kwetu likabaki. Mzee alikuja na jembe lake, akachimba mfereji mmoja zaidi, naye mpaka leo hajakiri kwamba alibadili mawazo.

Sasa nifike mahali pagumu.

Aprili 2022, siku ya Alhamisi mchana, ilikuja mvua ya mawe. Nilikuwa darasani, hatukuweza kusikiana kwa sababu ya kelele juu ya mabati. Ilipokwisha nilikimbia bondeni. Lengalenga zilikuwa vijiti vitupu. Kabichi zilikuwa kama zimekatwakatwa kwa kisu. Maharagi yaliyokuwa katika maua yalilala chini yote. Mama wa Djugu alikuwa amesimama katikati, nguo zimelowa, anatazama. Hakulia. Alisema tu, "Wiki nne zimekwisha. Zimebaki nane."

Jumamosi watu wakaja na vikapu vyao kama kawaida, wakarudi navyo vitupu. Wengi walisema pole. Mtu mmoja hakusema pole. Mtoto wake alikuwa anaumwa, alihitaji fedha ya dawa, na akaomba arudishiwe dola zake 15. Hakutukana mtu. Alisema kweli kwamba alilipia mboga na mboga hakuna.

Wasomaji wapendwa, katika mapatano yetu yote tulikuwa tumesema mvua ikiwa njema tutakula pamoja. Ikiwa mbaya je? Hakuna aliyeuliza swali hilo. Wengine wakaanza kusema kwamba akirudishiwa huyu, basi na wao. Wengine wakasema asirudishiwe hata senti. Mimi, niliyekuwa mwandishi wa kundi, niliyewasomea habari za Wajapani, nilinyamaza. Nilikuwa nikihesabu moyoni jinsi bwana wa matofali angenipa fedha bila mvua wala mawe.

Mama wa Djugu akafungua pindo la kitenge chake, akatoa dola 10. Fedha hiyo aliiweka kwa mbegu za vitunguu. Akasema, "Baba, umekula mafungu manne kati ya 12. Manne ni dola tano. Hizi 10 ni zako." Yule bwana akazipokea, macho chini. Mtoto alipona, asante kwa Mungu, lakini yeye hakurudi tena katika kundi. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri. Simlaumu. Angekuwa mtoto wangu, ningefanya vilevile.

Kilichonichoma ni kwamba mwenye hasara kubwa kuliko wote, mkimbizi asiye na nyumba, ndiye aliyelipa, na sisi 13 tukamwachia alipe. Siku ile ile jioni mke wa yule mzee alipita nyumba kwa nyumba. Kwangu hakuingia hata ndani, alisema mlangoni, "Mwalimu, mvua ilinyesha juu ya shamba letu sote, au juu ya shamba la mama yule peke yake?" Kesho yake baada ya Misa tulimrudishia Mama wa Djugu dola zake 10, na tukaandika kanuni iliyokosekana: mavuno yakipotea kwa mvua, kwa jua, kwa viwavi au kwa vita, hasara ni ya wote, na hakuna kudai. Tena kila jamaa iweke dola moja katika kopo mwanzo wa msimu, na atakayepata ugonjwa nyumbani asaidiwe kutoka kopo hilo, asilazimike kudai mboga. Kopo linatunzwa na mke wa mzee. Mzee mwenyewe haruhusiwi kulishika.

Wiki tano tulikula matembele na viazi vitamu, maana viazi viko chini ya udongo na mawe hayakuvifikia. Watoto walilalamika. Kufika Juni lengalenga zilikuwa zimerudi.

Mwisho wa mwaka wa 2023 bwana wa matofali alirudi. Ni mpole kama zamani, amezeeka kidogo. Akataja bei, dola 900 kwa nusu iliyobaki. Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba sikufikiri juu ya kuuza, niliogopa. Kama mimi nilishindwa mwaka wa 2016, nani atawazuia watoto wangu siku nitakapokufa?

Katika Ituri jambo la ardhi si mchezo. Vita iliyoanza Djugu mwaka wa 1999 ilikuwa na asili nyingi, lakini moja yake ilikuwa ugomvi juu ya mashamba makubwa yaliyoachwa na Wazungu, nani ana hati na nani ameishi pale tangu mababu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi ni ya Serikali, na kuhusu ardhi inayokaliwa na wananchi kwa desturi iliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki zao. Miaka kwa makumi ikapita bila amri hiyo. Ndiyo maana mtu wa kijijini anaweza kulima mahali ambapo babu yake amezikwa, na siku moja akaonyeshwa karatasi ya mtu asiyemjua. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka wa 2015, aliyakumbuka maneno ya maaskofu wa Paraguay, kwamba kila mkulima ana haki ya kuwa na kipande cha ardhi cha kumtosha kujenga nyumba na kulisha jamaa yake. Nilipomweleza Mama wa Djugu maneno haya alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mimi ninacho. Kimeota msitu sasa. Sitaki shamba lako, Mwalimu. Nataka langu. Ila maadamu siwezi kulifikia, nitatunza lako."

Tulijaribu kufanya tunaloweza. Huko Ufaransa, tangu mwaka wa 2003, kuna chama kiitwacho Terre de Liens. Watu wengi wanatoa kila mmoja kiasi chake, chama kinanunua shamba, na shamba haliuzwi tena bali linakodishwa kwa wakulima. Sisi hatuna fedha ya kununua. Lakini mwaka wa 2024 tuliandika karatasi mbele ya mkubwa wa kartie, kwamba kwa miaka 20 ardhi ile haitachimbwa wala kujengwa, na kwamba jamaa zinazokula pale zitanipa kila msimu fedha kidogo ya kodi, iwekwe kwa karo ya wajukuu, ili siku ya karo isinikute tena mikono mitupu. Watoto wangu watatu walitia sahihi. Binti yangu, yule aliyesomeshwa kwa shimo, alikuwa wa kwanza. Alisema, "Baba, mimi nimekwisha kula fungu langu."

Aliyebaki ni mdogo wangu, anayekaa Kisangani. Shamba ni la mama yetu sote wawili, na nilipouza nusu ya kwanza sikumwuliza. Nilimwambia baadaye, kwa simu, kama habari. Sasa anasema, na kwa haki, kwamba niliila nusu yangu, na hii iliyobaki ni yake. Hajasema atauza. Hajasema hatauza. Amesema atakuja Noeli ili aione kwa macho yake. Nikiangalia vizuri, naona yeye ananifanya mimi nionje nilichomfanyia. Bwana wa matofali naye amekwisha kupata namba yake ya simu. Sijui nani alimpa.

Wakati huo shimo tunalijaza kidogo kidogo. Vijana wa shirika wanaleta maganda na majani kutoka sokoni kila wiki. Kazi hii pengine itawazidi umri. Pembeni, pale udongo mweusi ulipotupwa, Mama wa Djugu amepanda migomba, nayo imestawi kuliko yote.

Jumamosi iliyopita, baada ya kugawa mafungu, aliniuliza apande nini upande wa mto. Lengalenga zinakomaa kwa mwezi mmoja. Vitunguu vinataka miezi minne au zaidi, na Noeli itafika kabla havijang'olewa. Alinitajia hayo yote kama mtu anayesoma orodha, wala hakumtaja mdogo wangu.

Nikamwambia, "Panda vitunguu, Mama."

Akaniangalia. Kisha akaenda kuitafuta ndoo.